Bwawa Si Ziwa: Mtera na Mgeni Anayepita Bila Kusimama

Hotuba kwa waongoza watalii, wenye mitumbwi na wauza samaki, Iringa

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, hamjambo. Wenyeji wa hapa, kamwene. Na ndugu zetu mliovuka ukuta wa bwawa kutoka upande wa Dodoma, mbukwenyi. Ninyi mnasema bwawa ni lenu, sisi tunasema ni letu, na maneno hayo tutayamaliza wakati wa chakula.

Nimeombwa nizungumzie mabwawa ya umeme kama vivutio vya wageni. Mwaliko ulisema mabwawa, kwa wingi, lakini mniwie radhi: muda mwingi nitautumia Mtera, bwawa letu la mpakani mwa Iringa na Dodoma. Mengine nitayaita kama mashahidi tu.

Barabara ya Dodoma kwenda Iringa, kilomita kama 260, inapita juu ya ukuta wa Mtera karibu na katikati ya safari. Ukitoka Dodoma, mkono wako wa kulia ni maji hadi macho yanapoishia. Mkono wa kushoto ni bonde la mawe, na chini yake ndiyo mto Ruaha Mkuu unaendelea na safari. Abiria wote hugeuza shingo kulia. Basi likishavuka, madirisha hufunguliwa kwa ajili ya perege wa kukaanga, pesa zinatoka, samaki anaingia, safari inaendelea. Hata wageni wetu wa Hifadhi ya Ruaha, waliotumia fedha nyingi kufika nchi hii, tunawapitisha pale kwa kasi kwa sababu ratiba inasema wakalale Iringa.

Kwa nini hawasimami? Jibu ninalolisikia kila mahali ni kwamba hakuna hoteli. Jenga hoteli ufukweni, weka boti na viti vya kulalia, watu watakuja. Sikubaliani na jibu hilo hata kidogo, na kusema kweli ndilo lililonifanya niitikie mwito wa kuja kusimama mbele yenu.

Nauliza: ufukwe upi?

Bwawa si ziwa. Mtera ikiwa imejaa kabisa, maji husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini kinachoruhusu mitambo kufanya kazi ni mita 690. Kati ya hapo ni mita nane na nusu, na maji ya Mtera yameumbiwa kupanda na kushuka ndani ya nafasi hiyo. Yakishuka, usidhani kuna hitilafu. Yameshuka kwa sababu yametumika, na yamewekwa pale ili yatumike. Sasa kumbuka kwamba bonde lenyewe ni pana na limelala. Kwenye ukingo wenye mwinuko mkali, maji yakishuka mita moja unashuka ngazi chache unayafikia. Pale Mtera, kuna sehemu ambako yakishuka mita moja unatembea kwenye tope lililopasuka mpaka uchoke. Aliyejenga hoteli yake ufukweni mwezi wa tano, mwezi wa kumi na moja atakuta ana hoteli ya katikati ya malisho, ng'ombe wanapita mbele ya baraza. Na aliyejenga mwezi wa kumi na moja penye ukavu, mvua kubwa zikija atavua samaki chumbani.

Kwa hiyo nasema hivi: ukimuuzia mgeni bwawa kwa jina la ziwa, umemdanganya, na atajua ndani ya nusu saa. Atauliza mbona ile alama ya maji imebaki juu kwenye mawe. Atauliza visiki vile vinatoka wapi. Ukiwa umejiandaa kwa habari ya ufukwe na machweo, huna la kumjibu. Ukiwa umejiandaa kwa habari ya mto uliosimamishwa, kila swali lake linakufungulia mlango.

Habari yenyewe ni nzuri mno. Wangapi hapa mlikuwa na akili zenu miaka ya 1990? Naona mikono. Basi mnakumbuka taarifa ya habari. Rais kafanya ziara, bei ya pamba, halafu kina cha maji Mtera. Watu wa Mwanza, watu wa Tanga, watu ambao hawajawahi kukanyaga mkoa huu, walijua kina cha Mtera. Kikitajwa kimeshuka, kila mwenye friji ya kuuzia barafu alijua mgawo wa umeme unakuja. Mwaka 2006 tukayarudia yale yale: mvua zilikuwa chache, Mtera ikashuka mno, viwanda vikazima, mafundi wa kuchomelea wakalala mchana na kufanya kazi usiku wa manane umeme ukirudi.

Lakini Watanzania wengi hawajui kwa nini hasa Mtera ilikuwa na uzito huo, maana mitambo yake yenyewe si mikubwa. Ni megawati 80 tu, na iliwekwa mwaka 1988, miaka mingi baada ya kituo cha Kidatu kuanza kazi mwaka 1975. Siri iko hapo Kidatu. Kidatu ina megawati 204, lakini bwawa lake ni dogo, haliwezi kutunza maji ya kuvukia kiangazi. Ndiyo maana Mtera ikajengwa upande wake wa juu, kwenye mto huo huo. Mtera ni simtanki, Kidatu ndiyo bomba. Maji yanatunzwa wakati wa mvua, yanaachiwa kidogo kidogo wakati wa ukame, yanateremka milima ya Udzungwa, yanapitishwa ndani ya mwamba na kuzungusha mitambo iliyowekwa chini ya ardhi. Baadaye wakaona ni upuuzi maji yote yale yapite Mtera bure, wakaweka mitambo pale pia. Tone moja likawa linafanya kazi mara mbili. Siku hizi linafanya mara tatu, nitafika huko.

Mweleze mgeni hayo akiwa amesimama mahali anapoona pande zote mbili, maji yaliyotulia kulia na mto ulioachiwa kushoto. Halafu mfanyishe hesabu. Mtera iliyojaa inafunika zaidi ya kilomita za mraba 600. Ukishusha maji kwa sentimita moja tu, urefu usiofika ukucha wa kidole gumba, umetoa mita za ujazo milioni sita. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuipiga hesabu hiyo papo hapo kwenye daftari, na akishaipiga hatasahau Mtera maisha yake yote. Halafu mwambie sehemu kubwa ya maji haiendi kwenye mitambo wala kwa samaki. Inapanda juu. Jua la nyanda hizi kavu na upepo wake hunywa bwawa mchana kutwa. Ukiwa na maji mapana na yenye kina kifupi katika nchi kama hii, anga ndiyo mteja wako wa kwanza.

Sasa maji yanatoka wapi? Hapa ndipo waongoza watalii wetu wengi hukatika pumzi. Watakutajia ndege kumi na tano kwa majina ya kitaalamu, lakini ukiwauliza mto umeanzia wapi wanaonyesha magharibi kwa mkono. Ruaha Mdogo mnaujua, ule mnaouvuka pale Ipogolo kila mkishuka kutoka mjini. Huo unaingia. Kisigo unaleta maji yake kutoka kaskazini-magharibi. Lakini mwenye mali ni Ruaha Mkuu, unaokusanya mito ya milima ya kusini, ukaingia bonde la Usangu, ukapita kwenye mifereji ya mpunga ya Mbarali, ukamwagika kwenye kinamasi cha Ihefu. Na Ihefu ina jambo ambalo ningependa kila mmoja wenu alijue kwa moyo. Maji hutoka Ihefu mahali paitwapo Ng'iriama, kwenye kizingiti cha mwamba. Kinamasi kikishuka chini ya mwamba ule, hakuna tone linalovuka. Ni bwawa la asili, lilikuwepo kabla ya mhandisi yeyote kuzaliwa, na lina kanuni ile ile ya kiwango cha chini kama Mtera.

Toka mwaka 1993, Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi kila kiangazi. Ule mto wenye viboko na mamba mnaowapeleka wageni kuuona unabaki mashimo ya maji na mchanga. Sababu zimebishaniwa sana: mpunga, mifugo, ukame, mifereji isiyofungwa msimu ukiisha. Sitaki kuwatwika ninyi hukumu. Ila mgeni anayetoka Ruaha mwezi wa kumi ameona mto mkavu kwa macho yake, na kesho yake anapita Mtera akaona bahari ya maji. Atauliza. Na swali hilo, ndugu zangu, ndilo linalofanya Mtera iwe mahali pa kusimama: ni sehemu pekee katika safari yake ambapo anaweza kuelewa alichokiona siku iliyotangulia. Maji yale aliyoyakosa hifadhini, sehemu yake ndiyo hii, ya mvua zilizopita, imewekewa akiba.

Nilisema nitaita mashahidi. Wa kwanza ni Kariba, kwenye Zambezi, kati ya Zambia na Zimbabwe. Ukuta ulijengwa kati ya 1955 na 1959, kimo chake mita 128, na maji yake yana urefu wa kilomita 280. Nadhani Afrika hii hakuna bwawa lililofanikiwa kupokea wageni kuliko Kariba. Wanaenda kwa ajili ya nini? Maboti, ndiyo. Uvuvi, ndiyo. Lakini sikilizeni waongoza watalii wa kule wanasimulia nini. Wanasimulia Nyaminyami, joka la mto la Watonga, ambalo lilighadhabika ukuta ulipolitenga na mwenzi wake, na mafuriko makubwa ya wakati wa ujenzi yakaonekana kuwa ghadhabu hiyo. Wanasimulia wanyama zaidi ya 6,000 waliookolewa kwenye visiwa vilivyokuwa vikizama, kwa boti, kwa kamba, wengine wakisukumwa waogelee. Wanakuonyesha kanisa la Mtakatifu Barbara, lililojengwa kwa ajili ya Waitaliano na wenzao waliofia kazini, majina 86 yameandikwa. Wanakuonyesha miti iliyokufa imesimama majini mpaka leo. Na wakiwa waungwana, wanakusimulia pia Watonga wapatao 57,000 waliohamishwa bondeni, wakaacha makaburi na mashamba ya kando ya mto, wakapelekwa kwenye ardhi kavu.

Tena kuna jambo la Kariba ambalo ni letu kabisa. Bwawa lilipojaa, maji ya katikati hayakuwa na samaki wa kuyatumia, kwa kuwa samaki wa mtoni hawakuzoea vilindi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakachukua dagaa kutoka Ziwa Tanganyika, wakawapandikiza. Leo hao ndio kapenta, kitoweo cha Lusaka na Harare, na taa za wavuvi wake usiku ni kivutio peke yake. Mtu wa Kigoma akifika Kariba anakutana na ndugu zake kwenye sahani.

Shahidi wa pili ananiuma zaidi, na yuko jirani. Pale Jinja, Uganda, palikuwa na maporomoko ya Bujagali kwenye Nile. Vijana wa dunia nzima walikwenda pale kupanda mashua za mpira na kubiringishwa na maji. Biashara ilikuwa kubwa. Mwaka 2011 bwawa la umeme la Bujagali, megawati 250, likayafunika maporomoko. Waliokuwa na biashara wakahama na mto kwenda chini, kisha bwawa jingine la Isimba likaja chini zaidi na kuzamisha mawimbi mengine. Uganda ilihitaji umeme, sibishani na hilo. Ninachosema ni kwamba anayesema bwawa linaleta utalii aseme sentensi nzima: lilipoingia, liliondoa nini? Maji ya kelele yamekwenda, yamekuja maji ya kimya. Wapo wanaolipia kimya, lakini si watu wale wale.

Wa tatu yuko hapa hapa kwetu, Udzungwa, na ni mdogo, urefu wake haufiki sentimita tatu. Chura wa Kihansi. Mto Kihansi ulikuwa unaanguka kwenye korongo kwa kishindo, na mnyunyizo wa maporomoko ukalowesha majani mchana na usiku, mwaka mzima. Ndani ya unyevu huo tu, sehemu ndogo kabisa ya dunia, aliishi chura wa rangi ya dhahabu asiyetaga mayai majini kama wenzake, bali huzaa watoto waliokwisha kukamilika. Aligunduliwa mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa tayari unaendelea. Mwaka 2000 kituo cha megawati 180 kikaanza kazi, maji yakaelekezwa kwenye mitambo, mnyunyizo ukakatika. Wakafunga mabomba ya kunyunyizia ili kuiga maporomoko. Wakachukua vyura karibu 500 wakawapeleka kwenye bustani za wanyama Marekani. Ugonjwa wa kuvu ukaingia, waliobaki wakafa, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Watoto wa wale waliopelekwa Marekani wakarudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na toka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, penye mnyunyizo wa mabomba.

Niambieni, kuna hadithi gani ya simba inayoishinda hiyo? Na ni hadithi ya bwawa. Haimsifu mhandisi wala haimtukani. Mgeni ataondoka akiwa anabishana na mwenzake ndani ya gari, na mgeni anayebishana ndani ya gari atawaambia watu kumi nyumbani kwake.

Sasa lile nililosema tone linafanya kazi mara tatu. Chini ya Kidatu, Ruaha Mkuu unaingia Rufiji, na kwenye Rufiji kuna Bwawa la Julius Nyerere, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ukuta wa mita 131, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022 na mtambo wa kwanza ukaingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024. Watu watakwenda kuliona, wengi sana, na inafaa. Ila mjue na upande wa pili: Aprili 2024 mafuriko yalipowakumba watu wa Rufiji na Kibiti, nchi nzima ilizungumza milango ya bwawa lile. Mwongoza watalii asiyeweza kuzungumza mafuriko ukutani pale, kwa heshima na bila kupiga siasa, bora abaki kwenye gari.

Wengine wananiambia, mzee, Mtera imekwisha habari yake, megawati 80 mbele ya 2,115 ni nini? Mimi naona kinyume. Wakati Mtera ilipokuwa inashika roho ya nchi, haikuwezekana kuizungumza kwa raha, kila mtu alikuwa anaitazama kwa hofu. Sasa hofu imepungua. Ndiyo imeanza kuwa historia, na historia inapokelewa vizuri na wageni kuliko dharura. Treni ya SGR imefika Dodoma. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kufika Dodoma asubuhi, akala samaki Mtera mchana, akalala Iringa, kesho yake akaona zana za mawe za kale Isimila na makumbusho ya Mkwawa Kalenga, keshokutwa akaingia Ruaha. Njia hiyo ipo tayari. Inakosa mtu wa kusema simama hapa, shuka, nikueleze.

Niingie kwenye mambo ya vitendo, kwa ufupi, maana naona saa.

Msimu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kwa hiyo maji hupanda kuelekea mwezi wa tano na wa sita, kisha hushuka hadi mwisho wa mwaka. Msiwafiche wageni kipindi cha maji machache. Tope likifunuliwa, ndege wa kuchokoa tope wanashuka kwa wingi, na kuanzia Oktoba wanaungana na wahamiaji wanaokimbia baridi ya Ulaya. Mwenye darubini atakushukuru kwa maji kupungua. Mwenye kutaka mashua mpeleke maji yakiwa mengi. Wateja wawili tofauti, bwawa moja, na hakuna haja ya kumdanganya yeyote kati yao.

Hoteli, kama mnaitaka, iwe juu, kwenye miamba, mbali na mstari wa 698.5, pale ambapo kupanda na kushuka kwa maji kunaonekana kama mandhari na si kama hasara. Gati liwe la kuelea, lifuate maji. Na kabla ya kuweka hata turubai, ongeeni na wafugaji na wavuvi, kwa sababu ardhi inayoachwa na maji si tupu. Kuna mtu analima pale kila msimu wa ukavu, na kuna ng'ombe wanaoifahamu njia yake.

Ukuta wenyewe ni miundombinu nyeti na una ulinzi. Ombeni kibali TANESCO mapema na kwa maandishi, wala msimfundishe mgeni kuiba picha kupitia dirishani halafu mkaanza kubembelezana na askari. Nina hakika ziara ya utaratibu, yenye mhandisi wa kueleza, inawezekana ikiombwa na kikundi kilichosajiliwa. Ikiombwa na mtu mmoja aliyeegesha gari ukutani, haitawezekana, na askari atakuwa na haki.

Kuogelea hapana. Mamba wapo, viboko wapo, na maji yaliyotuama penye majani ya kingoni ni makao ya konokono wa kichocho. Najua kuna vijana wanaoogelea kila siku na kucheka nikisema hivi. Mgeni si kijana wa Migoli, pale kando ya bwawa. Mwenye mtumbwi naye: kama huna makoti ya kuokolea ya watu wote, wakubwa na watoto, usipakie. Visiki vilivyozama havionekani maji yakiwa ya kati, ndiyo hatari zaidi kuliko yakiwa machache kabisa. Upepo wa mchana ukianza, wote nchi kavu. Safari za maji ziwe za asubuhi.

Na wazee. Kila upande wa bwawa kuna watu wanaolikumbuka bonde kabla ya maji: njia zilipita wapi, wapi palivukwa kwa miguu, nani alilima wapi. Hao hawatakuwepo miaka ishirini ijayo. Wasikilizeni sasa, muwalipe kwa muda wao kama mnavyomlipa dereva, na msiwageuze kuwa maonyesho ya kuimba na kucheza kila gari likisimama. Mzee mmoja anayenyoosha fimbo majini na kusema pale ndipo palikuwa na mbuyu wetu anatosha kabisa.

Nina ombi moja kwa mama zetu wauza samaki, na gharama yake ni ndogo kuliko ya yote niliyoyataja leo. Ninyi ndio sababu pekee inayofanya gari lisimame Mtera kwa sasa. Dereva hasimami kwa ajili ya mandhari, anasimama kwa ajili ya perege. Basi wekeni ubao pale pale kwenye vibanda, rangi nyeupe, na kila asubuhi muandike kina cha maji cha siku hiyo, na chini yake kina cha tarehe kama hiyo mwaka jana. Ofisi ya maji ya Bonde la Rufiji wanazo takwimu, tutazifuata mimi na mwenyekiti wa waongoza watalii. Mtu akisubiri samaki wake aive atasoma zile namba mbili, atauliza mbona zimepishana, na hapo kijana mwenye kitambulisho cha uongozaji anayekaa kwenye benchi lenu atakuwa na kazi. Samaki ataiva polepole zaidi, mtauza na wa pili.

Nimemaliza sehemu yangu. Mama wa kanga ya bluu pale nyuma ameinua mkono toka nilipotaja vibanda, na uso wake unaniambia hakubaliani na habari ya samaki kuiva polepole. Karibu mama, kipaza sauti kinakuja.